Mgeni, mbu na bomba la dawa: maswali yenu kuhusu kupuliza dawa nyumbani

Tangu masika yaanze, barua nyingi zilizonifikia zimetoka kwa wageni waliohamia Dar es Salaam kikazi, na kwa watu wanaoishi au kufanya kazi nao, na karibu zote zinahusu siku ile anapoingia getini kijana mwenye bomba mgongoni kuja kupuliza dawa ya wadudu. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Maswali nimeyafupisha, lakini maana yake sikuigusa.

Mimi ni mwalimu kutoka Uholanzi, na nimehamia Masaki na mume wangu pamoja na watoto wawili. Mwenye nyumba ana mkataba na kampuni inayokuja kila mwezi kupuliza dawa ndani na nje. Tunatoka kwa saa chache, tukirudi tunakuta mende wamelala chali jikoni, na harufu inabaki hadi kesho yake. Nikiuliza ni dawa gani, naambiwa “ni ya kawaida, haina shida”. Majirani wananiona mwoga kupita kiasi. Je, nina haki ya kukataa?

Karibu Dar es Salaam, mwalimu. Unayo haki ya kuuliza na kujibiwa, na “ya kawaida” si jibu. Kila kiuatilifu kinachouzwa kihalali nchini kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi iliyokuwa ikifanywa na taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha, na chupa yake inatakiwa iwe na lebo inayoonyesha kiambato chake, kipimo cha kuchanganya na muda wa kukaa nje ya nyumba. Kwa hiyo mwambie fundi, kwa upole kabisa, kwamba hataanza kazi mpaka akuonyeshe chupa ya asili kabla hajaimimina kwenye bomba. Tazama mkanda wa rangi ulio chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali, njano ni ya wastani, bluu na kijani ni za hatari ndogo zaidi. Dawa ya mkanda mwekundu haina kazi ndani ya nyumba wanamolala watoto. Na kama chupa yenyewe ni ya maji ya kunywa au soda, isiyo na lebo yoyote, kazi iishie hapo hapo getini.

Mara nyingi utakachokuta kimeandikwa ni deltamethrin, cypermethrin au lambda-cyhalothrin. Hizi ni dawa za kutengenezwa kiwandani zinazoiga sumu ya asili iliyomo katika ua la pareto, lile lile linalolimwa nyanda za juu za Iringa na Mbeya na kule Nakuru nchini Kenya. Zinavuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, ilhali mwili wa binadamu huzivunja haraka na kuzitoa, na ndiyo maana zinatumika hata kwenye vyandarua. Zikitumiwa vizuri, madhara yake ya kawaida kwetu ni kuwashwa ngozi, macho kuchonyota, kikohozi, na kwa mwenye pumu, kubanwa kifua. Lakini ukikuta jina dichlorvos au chlorpyrifos, kataa bila kuona haya. Hizo ni za kundi jingine, linalozuia kimeng’enya ambacho mishipa yetu sisi wenyewe inakitegemea, na sumu ya namna hiyo haina sababu ya kupulizwa chumbani.

Kuhusu harufu, usiitumie kama kipimo. Mara nyingi kinachonuka ni mafuta yaliyoyeyushia dawa, na zipo dawa kali zisizonuka hata kidogo, kwa hiyo nyumba inayonuka si lazima iwe hatari na isiyonuka si lazima iwe salama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo barua yako haikuliuliza ila ndilo linalonisumbua zaidi: neno “kila mwezi”. Kupuliza kwa kalenda, wadudu wawepo wasiwepo, kunamfaa zaidi mwenye kampuni kuliko mpangaji. Wadudu wanaoguswa na dawa ile ile mara kwa mara huzaa kizazi kinachoihimili, na tayari mbu wa sehemu nyingi za Tanzania wamezoea dawa za jamii ya pareto, hata ikabidi vyandarua vipya viongezwe kiambato cha pili cha kuwavunja nguvu. Ninyi mna mende jikoni. Mende hawahitaji nyumba nzima kulowanishwa. Wanahitaji dawa ya jeli, matone madogo yanayowekwa kwenye bawaba za makabati, nyuma ya friji na chini ya sinki, ambayo wanaila na kuipeleka maficho kwa wenzao. Na ukishaweka jeli usipulize dawa karibu nayo, kwa sababu harufu ya dawa huwafukuza mende wasiiguse. Zungumza na mwenye nyumba abadili mkataba uwe wa kukagua kila mwezi na kutibu pale tu palipoonekana wadudu, na naamini naye atafurahia kulipia dawa kidogo.

Lakini usikatae kila kitu. Ulikotoka, baridi huwapunguza wadudu kila mwaka bila mtu kunyanyua mkono, na hapa hatuna msimu wa namna hiyo. Malaria na homa ya dengue zipo, na zinaua. Majirani zako wamezika ndugu kwa maradhi hayo, tena si mara moja, na uzoefu huo ndio unaowafanya waione dawa kuwa rafiki.

Shikamoo. Nafanya kazi za ndani kwa familia ya wageni, Oysterbay. Siku ya kupuliza dawa, mabosi na watoto huenda hotelini mpaka kesho yake. Mimi na mlinzi tunabaki. Wapulizaji wakimaliza, mimi ndiye ninayefungua madirisha, kufagia wadudu, kuosha vyombo na kupiga deki. Kichwa huniuma na macho huwasha. Naogopa kusema nisionekane mvivu.

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na ningependa isomwe na kila mwajiri wa jiji hili, awe mgeni au mwenyeji.

Kinachokupata kina maelezo. Dawa ikipulizwa, matone yake huchukua muda kutua na kukauka, na anayeingia kabla ya hapo huivuta kwa pumzi na kuipokea kwa ngozi. Kisha wewe unainama na fagio, unaitimua upya kutoka sakafuni, unaloweka tambara na kulikamua kwa mikono mitupu. Ndani ya nyumba ile, baada ya fundi mwenyewe, hakuna anayepata dawa nyingi kuliko wewe. Mtoto wa bosi anayerudi kesho yake saa nne asubuhi anakuta kilichobaki baada ya wewe kuifuta.

Hivi karibuni nilisimama uani kwenye nyumba moja ya Msasani nikimtazama kijana akichanganya dawa. Alipimia kwa kizibo cha soda, akamimina kwenye bomba, akakorogea kwa kijiti alichokiokota chini ya mwembe, na povu jeupe likamfurikia vidoleni. Glovu zilikuwepo, zimekunjwa vizuri kwenye mfuko wa nyuma wa ovaroli. Nusu hatua kutoka alipokuwa, juu ya kibaraza hicho hicho, palikuwa na chupa ya chai ya mlinzi na kikombe kilicho wazi. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mwenzake pale, ila hakuna aliyeambiwa lolote, na mwenye nyumba, ambaye angeweza kusema, alikuwa ameshaondoka na gari.

Fanya hivi. Siku ya dawa vaa glovu za mpira, viatu vya kufunika na nguo ya mikono mirefu. Chakula, vyombo, miswaki na maji ya kunywa vifunikwe au vitolewe kabla fundi hajafika. Kabla dawa haijaanza kupulizwa wote mtoke, na asiingie mtu mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite na sehemu zote zikauke, kisha anayeingia afungue madirisha na kutoka tena, aache hewa ipite kwa muda wa kutosha. Mende waliokufa waokote kwa karatasi iliyolowa, usiwafagie wakiwa wakavu. Piga deki katikati ya chumba na ufute meza na sehemu za kupikia kwa sabuni, ila kingo za chini za kuta ziache, kwani hapo ndipo dawa inapotakiwa kubaki. Mwisho oga kwa sabuni, na nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake.

Kwa bosi sema hivi, na si uvivu: “Siku ya dawa naomba na mimi na mlinzi tuondoke nyumba inapopulizwa, tutarudi dawa ikikauka, na naomba glovu.” Wageni wengi wanaoniandikia wana wasiwasi wa kweli kuhusu sumu hizi. Waajiri wenye wasiwasi huo, ninawaambia waziwazi: kama mmeona dawa ni hatari kiasi cha kuwapeleka watoto hotelini, basi mmeshakubali wenyewe kwamba haifai kumwacha binti wa watu ndani yake. Mpeni nauli na siku ya mapumziko yenye malipo. Gharama yake haifikii ya chumba kimoja cha hoteli kwa usiku mmoja.

Ninaishi ghorofa ya pili, Upanga. Mimi ni mhandisi kutoka India. Wakati wa mlipuko wa dengue niliona watu wakipita mtaani na mashine inayotoa moshi mzito mweupe. Mke wangu alifunga kila dirisha. Je, alifanya vizuri? Na kama moshi ule unasaidia, kwa nini haupulizwi kila wiki?

Dar es Salaam ilikumbwa na dengue mwaka 2014, na tena kwa ukubwa zaidi mwaka 2019. Anayeieneza ni mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, na ambaye muda mwingi hujificha ndani: chini ya kitanda, nyuma ya pazia, kabatini penye nguo. Moshi ule ni matone madogo sana ya dawa, aghalabu yakiwa yamechanganywa na dizeli au mafuta ya taa, yanayoelea hewani kwa dakika chache na kumuua mbu anayeruka wakati huo huo. Yakishatua, kazi yake imekwisha. Kwa hiyo wanaoendesha zoezi hilo kwa kawaida huomba milango na madirisha yafunguliwe ili moshi uwafikie mbu walipojificha, huku watu wakiwa wametoka na vyakula vimefunikwa. Dirisha likifungwa, mbu wa ndani anapona. Nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu ni tofauti: mwondoeni kwanza, mbali na njia ya moshi, ndipo mfungue.

Kuhusu kila wiki, jibu langu ni hapana, na Shirika la Afya Duniani nalo huelekeza upulizaji wa namna hii kwenye dharura ya mlipuko, si kuwa desturi. Moshi hauui yai wala kiluwiluwi. Jike la Aedes hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja mvua. Yakishalowa, siku saba hadi kumi zinatosha kupata mbu kamili katika joto la Dar. Mnapopuliza Jumatatu, kizazi kipya tayari kiko majini kikingoja zamu.

Nenda ukaangalie kwenye roshani yako leo. Inua chungu cha maua, tazama sahani iliyo chini yake. Tazama ndoo inayokinga matone ya kiyoyozi. Kama kuna vijidudu vyembamba kama nyuzi vinavyoning’inia kichwa chini kwenye uso wa maji, na ambavyo kivuli cha mkono wako kikipita vinajikunjakunja kuzama, hao ndio mbu wa wiki ijayo. Mwaga maji hayo juani, kisha sugua ukuta wa chombo kwa brashi ili mayai yatoke, kwani kumwaga peke yake hakuyaondoi. Paa lenye mfereji ulioziba majani, tairi la gari nyuma ya jenereta, kifuu cha nazi, tangi lenye kifuniko kilichopasuka, vyote ni mazalia, na jijini ambako maji ya bomba hukatika na kila mtu akalazimika kuyahifadhi, mazalia hayo yako kwa tajiri na kwa maskini.

Jiji hili limewahi kuonyesha njia bora kuliko moshi. Programu ya kudhibiti malaria mijini, iliyoanza mwaka 2004, ilituma watu wa mitaa yenyewe kutafuta madimbwi na kuyawekea bakteria wanaoua viluwiluwi bila kudhuru samaki wala binadamu, na baadaye kikajengwa Kibaha, kwa ushirikiano na Cuba, kiwanda cha kutengeneza dawa ya namna hiyo. Zanzibar nako, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vya Makunduchi vilimwagiwa vipunje vya lile povu jeupe la plastiki linalofungiwa televisheni, vikaelea juu ya maji machafu na kumnyima pa kuzalia mbu anayeeneza matende, na mbu hao wakapungua sana bila sumu hata tone. Mambo kama haya yanastahili fedha kuliko moshi unaopita na kusahaulika, hata kama moshi ndio unaoonekana kwenye picha.

Nina ujauzito wa miezi mitatu. Kampuni ya mume wangu inasema tusubiri saa mbili tu. Inatosha?

Kwa mtu mzima mwenye afya, dawa ya jamii ya pareto na nyumba yenye madirisha mengi, huenda lebo ikasema hivyo. Kwako wewe, ningependa ukalale kwingine usiku huo, na mtu mwingine afungue madirisha na kufuta sehemu zinazoguswa kabla hujarudi. Endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa bila hofu, kwani malaria kwa mjamzito ni hatari kubwa zaidi.

Nina paka wawili na tangi la samaki.

Watoe paka mpaka dawa ikauke, na usikubali dawa yenye permethrin iwaguse kabisa, kwani ini la paka haliwezi kuivunja. Samaki wanadhurika haraka zaidi: zima pampu ya hewa, funika tangi kwa plastiki bila kuacha upenyo, na kama linabebeka, lihamishe.

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Sharjah. Jirani yangu ana kunguni, na nimesikia ameweka vidonge fulani chumbani, akafunga mlango na kuondoka. Usiku kulikuwa na harufu kama ya vitunguu saumu, na mwenzangu ametapika. Tunaogopa kumlalamikia.

Dada yangu, kama barua hii unaisoma ukiwa bado ndani ya nyumba hiyo, toka kwanza. Toka pamoja na mwenzako na kila aliye kwenye ghorofa hiyo, nendeni hospitali, mwambieni daktari kwamba huenda ni gesi ya fosfini, na mpigieni simu polisi au zimamoto kutokea nje.

Vidonge hivyo kwa kawaida ni aluminium phosphide. Huku kwetu vinajulikana ghalani, kwa kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ambayo hupita chini ya mlango, kwenye matundu ya nyaya na kwenye njia za viyoyozi, na ambayo haina dawa ya kuitibu, isipokuwa daktari kuusaidia mwili ustahimili. Dubai na Sharjah wamewahi kufa watoto ndani ya nyumba zao kwa sababu jirani alitumia vidonge hivi bila kibali. Harufu ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza, kichefuchefu, kifua kubana na kizunguzungu ni dalili za kukimbia nazo, si za kulala ukaona kama zitapungua asubuhi. Suala la kuonekana msumbufu kwa jirani halipo hapa. Huyo jirani amevunja sheria ya nchi aliyopo, na kumripoti kunaweza kuwaokoa wengine walio juu na chini yenu.

Kunguni wenyewe hufa kwa joto. Mashuka, mapazia na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa kwa mashine ya joto kali, na fremu za vitanda na mishono ya magodoro ipitishwe mashine ya mvuke, taratibu, mara kadhaa. Ni kazi ya kuchosha, lakini haimuui jirani.

Mimi ni mwenye nyumba, Mikocheni. Wapangaji wangu wageni wamekataa dawa yoyote, na mchwa wameshamaliza fremu ya mlango mmoja. Nifanyeje?

Waeleze kwamba mchwa hawatibiwi kwa kupuliza vyumba. Dawa yao huingizwa kwenye udongo kando ya msingi na kwenye matundu yanayotobolewa sakafuni, kisha huzibwa, na mpangaji hapati hewa yake kama kazi imefanywa vizuri. Wape taarifa ya maandishi wiki moja kabla, iambatane na nakala ya lebo. Kama kuna kisima karibu na msingi, mwambie fundi kabla hajaanza, maana dawa hiyo haitakiwi kufika majini.

Nimeambiwa nikihisi kizunguzungu baada ya dawa ninywe maziwa. Mimi ni mgeni na sijui kama ni kweli.

Si kweli, ingawa utaambiwa hivyo na watu wengi wenye nia njema kutoka Lamu hadi Mtwara. Maziwa hayaivunji sumu, na mafuta yake yanaweza hata kurahisisha baadhi ya sumu kuingia mwilini. Toka nje uende penye hewa safi, vua nguo zilizolowa dawa, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni, na kama imeingia machoni, yaoshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta ya taa yaliyomo kwenye dawa nyingi yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Ukiona jasho jingi, mate yasiyokatika, mboni za macho zimekuwa ndogo au misuli inatetemeka, hiyo ni dharura ya hospitali yenye dawa iitwayo atropine, na chukua chupa yenyewe au picha ya lebo yake ili daktari ajue anapambana na nini.